Mpishi Msunda na Maneno ya Kuchokozwa

Haya, nyie wenye masikio ya kazi, sogeeni hapa karibu, na yule mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana mimi nikianza sisimami mpaka nifike. Mmesema, Mzee Mabula, umekabidhi kigoda wiki iliyopita, tuachie maneno mawili matatu ya ukalimani kabla hujasahau. Mawili matatu sina. Ninalo gunia zima, na gunia lenyewe limetoboka.

Kama kuna aliyekuja kusikia mshahara wangu, au nani alipandishwa cheo nikaachwa, huyo akachote maji kwanza, atatukuta. Mimi nasema kazi tu. Shule sikwenda hata siku moja. Nilipita mara moja nje ya misheni ya Ushirombo, nikasikia watoto wanaimba a, e, i, o, u, nikadhani mtu kaangukiwa na mti, nikakimbia kwenda kuita watu. Hiyo ndo elimu yangu. Lakini nimebeba maneno ya Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza na wazungu wa kila namna, na sijamwaga hata moja. Moja nilimwaga, lakini mwenyewe alishakufa.

Nilianzia Shinyanga, Mwingereza ndo kwanza anazoea kiti cha Mdachi. Aliyenifundisha ni Mzee Feruzi, mtu wa pwani aliyekuja bara na misafara, akaonja maziwa ya Usukuma, akasahau njia ya kurudi. Alikuwa mkalimani barazani. Siku yangu ya kwanza walikuja majirani wawili wanagombea dume la ng'ombe. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Kisukuma kwamba kichwa chake kinafaa kuegeshea mlango. Nami kwa bidii ya ugeni nikasimama, nikamtazama yule mwenzake, nikalirudia kwa Kiswahili kama lilivyo. Nikala kofi mpaka nikasikia ng'ombe wa Tabora wanalia.

Mzee Feruzi hakunipa pole. Alinipa kigoda kifupi. Akaniambia mkalimani hasimami, mkalimani anakaa chini, tena chini kuliko wote, ili mtu akipandwa hasira ngumi ipite juu ikatafute mwenye neno. Vijana, sikieni hilo. Karani ana kalamu, askari ana fimbo, sisi tuna kigoda. Mimi changu nimekikalia mpaka kikawa na sura yangu ya nyuma, ungeniona kwenye kigoda ungenitambua kabla hujaniona usoni.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililoniletea matata yote nitakayosema leo. Alisema, "Mwanangu, neno la kitu linaonyeshwa kidole. Hiki nini? Jiwe. Yule nani? Mbuzi. Lakini neno la moyo utalinyooshea kidole wapi? Hasira haikai juu ya mkeka. Neno la moyo ni kumbikumbi. Lazima upigepige juu ya kichuguu, lidhani mvua imekuja, litoke lenyewe."

Basi nikaishika hiyo. Nikitaka neno la mtu la hasira, namchokoza. Nikitaka la furaha, nampa ugoro. Na kwa kuwa sijui kuandika, daftari langu lilikuwa kamba ya katani: kila neno fundo moja, kila lugha kamba yake. Kisumbwa changu kilikuwa kirefu mpaka kwenye goti.

Nilifanya kazi Kishapu misimu miwili kwa mnunuzi wa pamba. Pamba ya miaka ile, bwana, ukipiga chafya sokoni unajikuta umevaa shati. Huko ndiko nilikooa, na ndiko aliko mama mkwe wangu na shamba lake la pamba lisilo na mwisho. Huyo mama alikuwa na sheria moja: mkwe asiye na kazi ya mzungu ana kazi ya kupalilia. Kwa hiyo siku niliposikia Geita watu wanachimba dhahabu na wanatafuta mkalimani, sikusubiri kunywa uji. Nilitembea mpaka kivuli changu kikaniomba tupumzike.

Geita ya wakati ule ilikuwa vilima, mashimo, na watu wanaotembea wameinamisha vichwa. Mtu akijikwaa alikuwa hatazami kidole, anatazama jiwe. Kambi niliyopata ilikuwa ya mzungu mmoja Mholanzi, ambaye sisi tulimwita Bwana Nyundo, maana alikuwa hapiti jiwe bila kuligonga na kulisikiliza. Kiswahili chake kilikuwa maneno manne: leta, chimba, upesi, na pole. Kazi yangu ilikuwa kuyatawanya hayo manne yawatoshe wachimbaji tisini.

Bwana Nyundo alikuwa na mpishi wake, aliyekuja naye kwa meli. Mpishi jina lake Karta, ila kwetu herufi ile ya katikati haipendi kulala mdomoni, tukamwita Kalita, ila leo nitamwita kwa jina lake. Alikuwa Msunda. Msinichanganyie na Sudani, kule walikotoka askari wa Mdachi. Sunda ni huko Jawa, mashariki ya bahari, mbali mpaka jua likitoka kwao na kufika kwetu limeshachoka. Bwana Nyundo alizaliwa huko, baba yake alikuwa mkulima wa chai, na Kisunda alikinyonya pamoja na maziwa. Akikaa na Karta jikoni walikuwa wanaongea kama maji ya mtoni, huwezi kujua nani kaanza nani kamaliza.

Tena tumbo la Bwana Nyundo lilikuwa halijui chakula cha mtu mwingine. Karta akipika wali, Bwana anakula, anaimba. Siku moja Karta aliumwa jino, mtu mwingine akapika, tukapoteza siku tatu za kazi na vichaka vitano.

Sasa kosa langu nilifanya siku ile ile Karta alipofika. Alitua mzigo, akatandika mkeka, akaswali. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Shinyanga anapita na punda wake, Mwislamu, akasikia kisomo cha Karta, akavua viatu hapo hapo barabarani akangoja mpaka kimalizike. Na Karta alikuwa na adabu sijaona. Akipita mbele ya watu anainama, mkono mmoja chini kama anafyeka majani, anasema "punten, punten", ndo hodi yao ya kupita. Akampita hivyo mkubwa, akampita mdogo, akampita mbuzi.

Wachimbaji wakanigeukia, wakataka kujua huyu nani. Kisunda sikuwa na hata fundo moja. Lakini mkalimani akisema sijui mbele ya watu tisini, kesho hana kazi. Nikakohoa, nikasema huyu ni sharifu mkubwa. Nikaona wamefungua macho, nikaongeza: kwao hataniwi, hasemeshwi ovyo, wala hatazamwi usoni. Nikajisikia mrefu. Ukiwa mkalimani wa mtu mkubwa na wewe unakua kidogo.

Nyie mnaijua kambi ya machimbo. Sisi salamu zetu ni matusi ya watani. Msumbwa akiamka ananiuliza nimeiba jembe la nani, nami namuuliza atakufa lini nile mbuzi wa matanga yake, ndo tunakwenda kazini tumeshikana mabega. Kwetu mtu asiyetaniwa ama ni mkwe ama ni maiti, na maiti yenyewe watani huitania mpaka kaburini. Lakini Karta akitokea, kimya. Watu wanatazama chini, wanavua kofia, wanasogea pembeni kama anapita ng'ombe mgeni. Mimi nikaona mambo yamenyooka.

Basi mwezi wa nne hivi tangu Karta afike, meno ya Bwana Nyundo yakaharibika yote kwa pamoja kama yamepigiwa baragumu. Ikabidi aende Mwanza, apande treni mpaka pwani, akatengenezewe mengine. Miezi miwili. Kabla ya kuondoka akaniita. Kwa yale maneno yake manne na vidole kumi akanieleza: Karta abaki, nimtunze. Akaweka mkono kifuani, akatazama mashariki kwa macho ya mbuzi aliyeachwa na kundi, akasema neno moja la Kisunda, "sono". Nikaelewa ni ile hamu ya mtu kukumbuka kwao. Akaonyesha kwamba Msunda akishikwa na sono anaweza kukauka kama mti. Kisha akaninyooshea kidole, akanena maneno mapya aliyojifunza kwa ajili yangu tu.

"Karta mgonjwa hapa," akajigonga kifua, "wewe Kishapu."

Vijana, nilimwona mama mkwe kabisa, amesimama mwisho wa shamba, ameshika jembe la ziada.

Sasa nitamtunzaje mtu moyo wake na sijui kuuuliza? Maneno ya vitu nilishaokota, sufuria, moto, chumvi. Ya moyo nilikuwa na hilo moja tu la sono. Nikachukua kamba mpya, nikakumbuka kumbikumbi wa Mzee Feruzi, nikaanza kupigapiga juu ya kichuguu.

La kwanza lilikuja kwa bei rahisi. Karta amebeba sufuria ya maji, mimi nipo nyuma ya jiko na debe tupu na rungu. Nikaligonga mara moja. Sufuria ikaenda upande wake, maji upande wake, Karta akapanda juu kidogo akashuka. Akashika kifua, akasema "reuwas". Nikamshukuru, wabeja sana mzee, nikafunga fundo. Reuwas, kushtuka.

La hasira lilinitesa. Nilimkanyaga kidole cha mguu kwa makusudi, tena kwa kisigino. Akainama, mkono chini, akaniomba radhi yeye. Nikamfichia kisu chake, akakata nyama kwa kingine. Nikamwaga majivu mbele ya mlango wake, akayafagia mpaka kwangu, akanifagilia na mimi. Wiki nzima nachokoza hasira, inatoka adabu. Mpaka siku moja, bila hila yoyote, nilikuwa na njaa tu, nikafunua kifuniko cha wali wake haujaiva nikautia mwiko nikakoroga. Jamani. Yule mtu mdogo alikuwa mrefu kuliko mlingoti wa bendera ya boma. Alinifukuza na mwiko wangu mwenyewe kuzunguka mashimo matatu, anasema "ambek, ambek, Karta ambek". Nilifunga lile fundo huku nakimbia. Mpaka leo ndilo fundo lililolegea kuliko yote.

La kuchukizwa nilipata kwa maziwa. Nilimpa mgando kwenye kibuyu, akanywa, akasifu harufu, akauliza kwa mikono hii harufu nzuri imetoka wapi. Nikamwonyesha vile wazee wetu wanavyosafisha vibuyu kwa mkojo wa ng'ombe. Nilimwonyesha kwa vitendo, na ng'ombe akanisaidia. "Geuleuh," akasema, na uso wake ukafanya mambo ambayo hata bila neno ningetafsiri. Na la woga, "sieun", lilitolewa na wacheza nyoka waliopita kambini kucheza ngoma na chatu wao shingoni. Karta alisoma dua, akapanda juu ya pipa la maji, akasoma nyingine, akaingia ndani ya pipa.

Mafundo matano na la Bwana lile moja ndani yake. Nikajiona fundi. Nikalala usingizi wa mtu mwenye kazi.

Halafu asubuhi moja Karta hakuwasha moto. Alitoka nyumbani kwake, akaenda uwanjani, akakuta kinu cha Mama Holo kimelazwa, akakikalia. Mama Holo ndiye aliyekuwa akiwapikia wachimbaji ugali, mwanamke wa Kizinza mwenye mikono kama ya mhunzi, na kile kinu kilikuwa roho yake ya pili. Karta akakikalia, kidevu juu ya magoti, mgongo kwa watu. Akakaa mpaka jioni. Kesho yake akarudi pale pale. Chakula akiletewa anakisukuma kwa kidole kimoja. Siku ya tatu. Siku ya nne. Mama Holo kwa heshima ya sharifu hakusema kitu, akawa anakwenda kutwanga kwa jirani, kilima cha pili, anapanda na mtama kichwani anashuka na unga.

Nilijua ni sono. Nikawaambia watu, jamani, mzee anakumbuka kwao, tumletee kwao hapa. Bwana Nyundo aliwahi kunionyesha picha ya Sunda: mashamba ya mpunga yamejaa maji, yamepangwa kama ngazi. Basi wachimbaji wakaacha dhahabu siku nzima wakachimba ngazi nyuma ya jiko. Tukabeba maji kwa madebe, watu tisini, tukamwaga. Ardhi ya Geita ilikuwa haijapata karamu kama ile. Ilikunywa yote mpaka saa sita, ikabaki imekauka na midomo wazi inangoja debe jingine. Karta akatazama kwa jicho moja, akarudisha kidevu gotini.

Siku ya nane akaja tarishi kutoka kwa bwana mwingine wa upande wa Mwanza: Bwana Nyundo ameshateremka kwenye treni, ana meno mapya, yupo njiani. Karta mashavu yamezama, unaweza kuwekea mayai. Nikaenda nikakaa mbele yake na kigoda changu na kamba yangu, nikamuuliza fundo kwa fundo, kama padri anavyopitisha rozari. Reuwas? Akatikisa kichwa. Sieun? Hapana. Geuleuh? Hapana. Ambek? Akageuza kiganja, kidogo. Nikashusha sauti. Sono? Akafikiri, akatazama huko mashariki kwa heshima tu, akatikisa kichwa. Halafu akanihurumia, akanipa neno mwenyewe bila kuchokozwa.

"Pundung," akasema.

Nilikuwa sina fundo la hilo. Nikamwashiria, pundung ndo nini? Akanionyesha: akanigeuzia mgongo, akavuta mdomo, akasukuma sahani, na huku kwa pembeni ya jicho anaangalia kama kuna mtu anakuja kumbembeleza. Mama Holo alikuwa anapita na mzigo wake wa mtama, akasimama.

"Huyo amesusa," akasema. "Holo wangu anafanya hivyo hivyo nikimnyima ukoko."

Kwa hiyo neno tukalipata, lakini amesusa nini? Hakunyimwa kitu. Wali wake, nyumba yake, heshima, watu wanamvulia kofia. Nikawaita wazee wa kambi, tukajadili, tukaamua kwamba heshima haijatosha. Siku ya tisa watu wote tisini wakapiga magoti mbele ya kile kinu. Mimi mbele. Karta akatutazama, macho yakajaa machozi, akajikunja zaidi. Nikaanza kuhesabu mistari ya pamba ya mama mkwe.

Hapo Mama Holo akawa anarudi kutoka kilima cha pili. Jua la kupasua mawe, unga umemwagika nusu njiani, jasho linamtiririka. Akakuta watu tisini wamepigia magoti kinu chake. Alitua mzigo taratibu. Akatupita sote, akaenda akasimama mbele ya Karta, mikono kiunoni.

"Wewe mzee," akasema, "siku tisa umejikunja hapo kama kuku anaatamia jiwe. Kifaranga chenyewe kitatoka lini?"

Na kwa kuwa alijua lugha hazifiki, akachuchumaa, akatandaza mabawa, akafanya yule kuku: anajigeuza, anachungulia chini, haoni kitu, anakaa tena kwa matumaini.

Nilifumba macho. Nilingoja radi. Watu wakashika vichwa, mmoja akaanza kutubu makosa yake ya utotoni. Kisha nikasikia sauti kama mlango mkavu unafunguliwa. Nikafungua jicho moja. Karta alikuwa anacheka. Anacheka mpaka kinu kinabingirika naye amekikumbatia, machozi yale yale ya kususa yamegeuka ya kicheko njiani. Akamwomba Mama Holo arudie kuku. Akarudia. Akainuka mwenyewe, akafanya kuku wa kwao Sunda, ambaye alikuwa mbaya zaidi.

Alipotulia akatugeukia. Kiswahili chake kilikuwa maneno arobaini, akayatafuta moja moja.

"Watu wote cheka," akasema. "Karta kuja, watu kimya. Karta nani? Kaburi?"

Nyie, sikieni. Miezi yote ile alikuwa anaona wenzake wanatukanana kwa furaha, yeye hapati hata kijitusi cha kuonjea. Akadhani tunamchukia. Kumbe kwao Sunda ni watani wakubwa kuliko sisi, mzaha wanauita "heureuy", na mtu asiyetania hata harusini anakaa nje na viatu. Ile heshima yetu ilikuwa inamuua.

Mama Holo akauliza kwa upole kabisa ni nani aliyesema mzee huyu hataniwi. Watu tisini wakanigeukia kwa pamoja. Mimi nikawa natazama kilima, kuna ndege alikuwa anapita.

Adhabu yangu sitaisema, ila kinu kile nilitwangia mimi mpaka mwisho wa mwezi.

Kuanzia hapo Karta alihamia kwenye matusi kama mtu aliyerudi nyumbani. Kiswahili alichokuwa ameshindwa kwa miezi sita alikipata kwa siku chache. Msumbwa akamwambia pua yake imekaliwa na tembo, Karta akamjibu kwamba yake Msumbwa ni njia ya tembo huyo kupita. Wali ukarudi motoni. Mashavu yakajaa. Mimi alinikalia kooni kuliko wote. Akipita ananikanyaga kidole, kwa kisigino, halafu anainama na mkono chini, "punten". Akawa ananigongea debe nikiwa nasinzia. Nikajua kumbe hakuna hata moja alilosahau, kila fundo langu na yeye alikuwa na lake.

Ndipo nikaanza kuogopa upya. Maana vijana, fikirini. Bwana anarudi. Bwana na Karta wana lugha yao, hawanihitaji. Kwa pumzi moja tu Karta anaweza kumweleza yote: debe, kidole, wali uliokorogwa, maziwa, chatu, pipa, sharifu wa uongo, siku tisa juu ya kinu. Na mimi nitakuwa nimesimama pale, mkalimani, sijui hata niitikie wapi. Nilimfuata Karta jikoni, nikamsihi kwa Kiswahili, kwa Kisukuma na kwa mafundo yote sita. Aliendelea kuosha mchele. Akasema tu, "Mabula pundung?"

Bwana Nyundo akafika mchana wa saa nane. Yale meno mapya yalikuwa yamemuuma njia nzima, uso umekunjamana kama ngozi iliyosahauliwa juani. Hakusalimia mtu. Akaamuru watu wakusanyike uwanjani, akaketi kwenye kiti chake. Nikaketi kwenye kigoda changu, chini kabisa, na siku ile nilitamani kiwe kifupi zaidi. Mama Holo alisimama nyuma yangu, nadhani anizuie nisikimbie.

Bwana akamwita Karta, akasimama mbele yake. Akamtazama shavu la kulia, la kushoto. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kumuuliza kwa Kisunda, sauti ya chini, ya mtu anayemuuliza ndugu yake.

"Karta, kumaha damang? Sono henteu ka lembur?"

Akaendelea, maneno mengi, marefu. Nililidaka lile la sono peke yake, mengine yalinipita juu kama ngumi za barazani. Akamaliza, akangoja jibu. Uwanja mzima ukangoja. Nilishaanza kusikia jembe la mama mkwe likigonga ardhi.

Karta alisimama, mikono nyuma. Alimtazama Bwana Nyundo, mtu aliyeongea naye lugha ile tangu wakiwa watoto, akamtazama toka kofia mpaka viatu kama ndo kwanza anamwona. Akakuna kichwa. Halafu akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili cha kambini, sauti ya kusikika mpaka mashimoni:

"Mkalimani, huyu mzungu anasemaje?"